Mifuko Miwili ya Damu ya Wifi

Damu ya wifi yangu ina maringo kama mwenyewe. Sisemi kwa ubaya. Nafanya kazi benki ya damu, nimeshapima damu za wapole na za wakorofi, na nyingi hupatana ukizikutanisha vizuri. Ya wifi haipatani na mtu. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho alitokwa na damu nyingi, tukahangaika kupima mfuko baada ya mfuko kumtafutia unaomfaa, na kila tone tulilolichanganya na lake liligandamana kwenye kioo kama uji uliokosa mkorogaji. Alipona kwa kudra za Mungu na kwa ukaidi wake. Tangu siku ile tukajua kwamba mtu pekee anayeweza kumpa wifi damu ni wifi.

Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, na mpaka leo mume wangu akiisikia sauti yake mlangoni anachomekea shati. Ana duka la kushona nguo na ulimi wenye makali kuliko mkasi wake. Tumezozana tangu posa. Akiniita “mke wetu” najua nimekosea jambo. Akiniita “wifi” najua ana shida.

Basi tulianza kumwekea akiba. Alikuja akiwa na nguvu, akajilaza kwenye kile kiti chetu kirefu, nikamtoa mfuko mmoja. Mara ya kwanza alikuja hajatia kitu mdomoni, akaniangukia kifuani, na wifi si mtu wa kuangukiwa naye ukabaki umesimama. Alipozinduka nilimpa vidonge vyake. “Kwenye mambo ya damu unakula kwanza! Chai yenye sukari, mkate, yai. Usinijie tena na tumbo tupu maisha yako yote!” Akaitikia kwa upole ambao ungenitia shaka kama ningekuwa na akili siku ile.

Damu ya kawaida haikai jokofuni zaidi ya wiki chache, kwa hiyo ya wifi ilibidi igandishwe. Nayo haigandishwi kama nyama. Maji yaliyo ndani ya chembe nyekundu yakigeuka barafu huzichana, ukija kuyeyusha unabaki na maji mekundu yasiyomfaa mtu. Ndiyo maana huwa tunaichanganya kwanza na gliseroli, ute mzito mtamu unaozilinda chembe na baridi kali. Siku ya kumpa mgonjwa tunaiyeyusha, tunauosha ute ule utoke wote, na lazima utoke kidogo kidogo, kwa maana ukifanya pupa chembe zinavimba na kupasuka. Ikishayeyuka imeyeyuka. Huirudishi kwenye barafu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tulifanikiwa kuweka mifuko miwili tu. Kisha uvimbe ukaota kwenye kizazi chake, kila mwezi ukawa unamkausha, midomo yake ikawa na rangi ya majivu na ngazi tatu za dukani kwake zikawa mlima. Wa kutoa damu akawa yeye ndiye anayehitaji. Daktari wa upasuaji alisema kizazi kitolewe haraka, na akasema pia, bila kupepesa macho, kwamba hatashika kisu mpaka mifuko yote miwili iwe tayari. Bila mifuko ile, wifi angefia mezani.

Siku ya operesheni asubuhi, simu ililia kutoka wodini. Nesi akasema mgonjwa ameshavalishwa gauni, ameshasaini, wanamngojea daktari wa usingizi. Huo ndio utaratibu wetu: hatuyeyushi mpaka wodi itwambie mgonjwa yuko tayari. Mimi na mwenzangu tukaitoa mifuko. Mwenzangu huyu tunamwita Mzee Taratibu, kwa sababu hajawahi kukimbia hata siku moto ulipowaka kwenye stoo ya karatasi. Alitembea, akachukua kizimamoto, akauzima, akarudi kwenye chai yake.

“Taratibu, mama,” akaniambia nilipouingiza mfuko wa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. “Chembe hazijui kama una haraka.”

“Zinajua ni za nani. Zitaanza kugomba sasa hivi.”

Mfuko wa kwanza uliyeyuka, ukapita kwenye mashine ya kuoshea, ukatoka mwekundu wa kupendeza, umeoshwa kwa maji ya chumvi na sukari kama tulivyozoea. Damu iliyowekwa hivyo mwisho wake ni kesho, lakini kesho ya nini, na mgonjwa yuko ghorofa ya juu anasubiri? Tukautia wa pili kwenye mashine. Hapo simu ikalia tena. Safari hii alikuwa daktari wa usingizi mwenyewe.

“Tumeahirisha,” akasema. “Mgonjwa wenu amekunywa chai.”

“Chai?”

“Chai, mkate na mayai mawili. Anasema wewe ndiye uliyemwagiza.”

Sikumbuki nilivyopanda ngazi. Nilimkuta wifi ameketi kitandani kwenye gauni la hospitali, kajifunga kitambaa kichwani kama anakwenda kuposa. Mume wangu alisimama pembeni, ameikumbatia chupa ya chai kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

“Wifi, umekula?”

“Nimekula ndiyo. Si wewe uliyeniambia kwenye mambo ya damu nisije na tumbo tupu maisha yangu yote?”

“Ile ilikuwa ya kutoa damu! Huku unachomwa dawa ya usingizi! Ukiwa na chakula tumboni kinapanda, kinaingia mapafuni, unakufa! Nesi hakukwambia?”

“Aliniambia. Nikasema huyu mtoto wa juzi, mimi nina wifi yangu ndiye anayejua.”

Haya, niambie ungefanya nini. Maisha yangu yote ya ndoa mwanamke huyu hajawahi kunisikiliza, nikimwambia mvua inakuja anaanika nguo, na neno moja alilolishika, akalitii kuliko la nesi na la daktari, ndilo hilo. Nikamgeukia mume wangu, maana hasira ilihitaji mahali pa kutua.

“Na wewe? Umelala na mimi miaka yote hii hujui kwamba mtu wa operesheni hali?”

“Dada aliniagiza,” akasema.

Huo ndio utetezi wake wote. Dada aliniagiza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niendelee nilipouona uso wa wifi unabadilika. Alikuwa ananiangalia aproni yangu.

“Ile damu yangu,” akasema. “Mmeshaitoa kwenye barafu?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Basi irudisheni.”

“Hairudi, wifi.”

Alishika ukingo wa shuka akawa anaupitisha vidoleni kana kwamba anatafuta mshono. “Ndiyo yote niliyokuwa nayo,” akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na hasira zangu zote zikaniishia palepale, nikabaki na hofu tupu.

Nilimkuta daktari wa upasuaji kwenye korido. Nikamwomba ampasue jioni hiyo. Akasema jioni mafundi wanaingia kubadilisha mitambo ya hewa, vyumba vya upasuaji vinafungwa, kitabaki kimoja tu cha ajali na cha wazazi. “Jumanne ijayo,” akasema. “Kama bado mtakuwa na damu.” Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli.

Nilirudi chini miguu mizito. Mzee Taratibu alikuwa ameketi mbele ya mashine, mikono mapajani.

“Nimeisimamisha kabla ya mwosho wa mwisho,” akasema. “Ulivyotoka hapa haukuwa mwendo wa heri. Nikaona tusubiri kwanza.”

Ningeweza kumbusu. Kwa sababu kwenye kabati letu kulikuwa na maji mengine, maji ya kuhifadhia. Yana chumvi na sukari pia, lakini yamechanganywa na vitu vinavyozilisha chembe na kuzituliza, na damu iliyooshwa kisha ikalazwa humo inaweza kukaa jokofuni mpaka wiki mbili. Sharti lake ni moja: tangu kuyeyushwa, isiguswe na hewa ya nje hata kidogo. Mashine yetu mpya inaosha bila kufungua mrija, kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Tulikuwa tumeshaijaribu njia hiyo kwa damu za watu waliojitolea, tukaipima, ikatoka vizuri. Mgonjwa tulikuwa hatujampa.

Nikampigia bosi wetu, daktari wa benki ya damu, mwanamke kijana mwenye maneno machache kiasi kwamba ukimsalimia unahisi umemwibia moja. Akaja. Akaiangalia mifuko, akaifuata mirija kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

“Hakuna palipofunguliwa?”

“Hakuna.”

“Nilikuwa nangoja mgonjwa wa kwanza mwenye shida ndogo,” akasema.

“Huyu shida yake si ndogo.”

“Naona.” Akafikiri kidogo. “Fanyeni. Lakini kila asubuhi mnapima. Maji ya juu yakiwa mekundu kupita kiwango, mfuko huo hauendi kwa mgonjwa, hata awe wifi wa nani.”

Mfuko wa pili haukutupa taabu. Ulibaki mwosho mmoja, maji ya kuhifadhia yakaingia, basi. Shida ilikuwa ule wa kwanza, uliokuwa umeshalazwa kwenye maji ya siku moja. Ilibidi tuuunganishe mrija wake na mrija wa mfuko wa maji mapya kwa kile kimashine kinachoyeyusha ncha mbili na kuzishikisha kabla hewa haijapita, kisha tuuzungushe chembe zikae chini, tuyakamue maji ya zamani, tuingize mapya. Kiungo kikivuja, damu ile ni ya kutupwa kesho.

“Nani anaunganisha?” Mzee Taratibu akauliza, ingawa zamu ilikuwa yangu.

“Wewe,” nikasema. “Leo mimi ni ndugu wa mgonjwa.”

Akaiweka mirija kwenye kimashine, akaipangusa, akaipanga tena kwa sababu haikumridhisha. Nilitamani kumwambia aharakishe na nilitamani asiharakishe. Kimashine kikalia, akaitoa, akavuta kiungo, akakikunja, akakiminya kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikabaki kavu.

“Haya,” akasema, na hakusema taratibu.

Kuanzia siku hiyo nikawa kama mzazi mwenye watoto njiti. Kila asubuhi nilikwenda jokofuni kabla ya kuvua hata kiatu cha njiani. Chembe zilikuwa zinakaa chini, nzito, na juu yake unabaki utando wa maji. Maji yale yakiwa meupe, chembe ni nzima. Yakianza kupiga wekundu, zinapasuka. Nilikuwa nakata kipande kidogo cha mkia wa mrija uliokwisha kuzibwa, nakipima, nakilinganisha na kadi ya rangi tuliyoibandika ukutani. Ole wake aliyefungua mlango wa jokofu lile bila sababu. Mfagiaji alianza kupitia upande wa pili wa chumba.

Wifi alinipigia kila siku. “Watoto wangu wameamkaje?”

“Mdogo mzima.”

“Na mkubwa?”

Mkubwa, yaani mfuko wa kwanza, ndiye aliyeninyima usingizi. Siku ya tatu maji yake yalikuwa yameanza kupiga waridi. Kidogo, lakini yalipiga. Nikafikiri labda ni kule kuzungushwa mara ya pili, chembe dhaifu zimejifia na zenye nguvu zimebaki. Nikafikiri labda kiungo kinavuja na sote tumejidanganya. Mzee Taratibu alikipima tena, kilikuwa kikavu. Bosi akaja, akaangalia, akasema, “Haijafika kiwango,” akaondoka. Kwake hiyo ni hotuba.

“Mkubwa ana haya kidogo usoni,” nilimwambia wifi.

“Mke wetu,” akasema, “usinifiche.”

“Sikufichi. Bado anafaa. Akiacha kufaa nitakwambia mimi mwenyewe, si mtu mwingine.”

“Najua utaniambia. Wewe hujawahi kunifichia jambo baya.” Ndivyo anavyosifu, wifi, inabidi uchambue kama mchele.

Nyumbani mume wangu alikuwa anaosha vyombo bila kuagizwa. Usiku mmoja alisimama na sahani mkononi akaniuliza, hakunitazama, “Mfuko mmoja ukiharibika?” Nikamwambia daktari hatapasua. Hakuuliza na wasipopasua itakuwaje. Midomo ya dada yake alikuwa anaiona mwenyewe.

Siku iliyofuata ule waridi ulikuwa palepale. Na iliyofuata. Jumapili niliutazama mpaka macho yakaniuma, nikamwita Mzee Taratibu atazame na macho yake, kwa kuwa yangu nilishaanza kutoyaamini. Akatazama kwa muda ambao ungetosha kushona suruali.

“Haujapanda,” akasema.

“Una hakika?”

“Haujapanda, mama. Umesimama.”

Jumanne ikafika. Nilipiga simu wodini mara tatu kuuliza kama mgonjwa amekula, mara ya tatu nesi akaniambia, “Mama, hata mate anaogopa kumeza.” Nilipima mifuko yote miwili kwa mara ya mwisho. Mdogo safi. Mkubwa chini ya kiwango, na si kwa kubahatisha. Bosi akatia sahihi, damu ikawekwa kwenye kasha la baridi, ikapanda juu.

Hapo ndipo kazi yangu inapokwisha, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Wengine wanadhani sisi wa maabara tuna raha kwa kuwa hatuoni kisu. Ni kweli hatuoni. Tunasikia simu tu, na simu isipolia hujui kama ni heri au ni shari. Nilizipanga chupa za vipimo kwa urefu, nikazipangua, nikazipanga kwa rangi ya vifuniko. Mara simu: wanaanza mfuko wa kwanza, anatoka damu kuliko walivyotegemea. Nikauliza upi, mkubwa au mdogo? Nesi hakunielewa, akakata. Baada ya muda simu tena: wa pili. Kisha kimya kirefu.

Wa pili ndio wa mwisho. Kama damu haijakata kwa huo, hakuna mwingine dunia nzima ninayoijua. Nilikaa na wazo hilo nikiangalia mlango, nikamwomba Mungu kwa maneno ya ovyo kabisa, nikamwahidi kwamba sitamjibu wifi tena hata akiniambia nini, ahadi ambayo hata wakati naitoa nilijua ni uongo.

Mlango ukafunguliwa, nesi akaingia na kasha. Utaratibu unataka mifuko iliyotumika irudi kwetu ikae jokofuni siku moja, mgonjwa akibadilika tujue pa kuanzia. Nikalifungua. Mifuko yote miwili ilikuwa humo, imelala, bapa, haina kitu.

“Imeingia yote?”

“Yote. Damu imekata, presha imerudi, wameshamfunga. Anahamishiwa wodini sasa hivi.” Akacheka. “Mama, mbona unalia? Nimesema amepona.”

Nililia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Mzee Taratibu alikimbia. Naapa alikimbia, akaleta kiti, akanikalisha, kisha akageuka ukutani akajifanya anasoma kadi ya rangi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jioni nilipanda wodini. Mume wangu alikuwa kwenye benchi nje, ameegemeza kichwa ukutani, amelala mdomo wazi. Sikumwamsha. Wifi alikuwa na mrija puani na macho mazito, lakini midomo ilikuwa midomo tena. Niliiangalia rangi ile kuliko nilivyowahi kuangalia kadi yoyote.

“Wifi,” akasema. Kisha akaanza kuniambia kwamba mto ni mgumu, kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili anakoroma, kwamba nikamwambie daktari, na usingizi ukamchukua kabla hajamaliza kunituma.

Mkono wake ulikuwa nje ya shuka. Nikaushika pale kwenye mshipa, wala sikuangalia saa. Ulikuwa unapiga vizuri, bila haraka. Damu niliyokuwa naichungulia kwenye baridi kila asubuhi, nikiogopa hata kupumua mbele yake, sasa ilikuwa na joto na inakwenda yenyewe. Haikunihitaji tena. Zamu yangu ilikuwa imekwisha muda mrefu, na bado sikuinuka.